Usinionyeshe kipepeo wa ajabu, nionyeshe daftari

Kwa karibu karne moja, makabati ya wataalamu wa wadudu huko Ulaya yalikuwa na kipepeo dume asiye na mke. Alipewa jina mwaka 1776, na leo anaitwa Papilio dardanus: rangi ya siagi, pindo nyeusi, mkia kwenye kila bawa la nyuma. Aliletwa kutoka misitu ya bara la Afrika, magharibi hadi kusini, na kila aliyefika alikuwa dume. Droo chache pembeni yake walilala vipepeo wengine wasio na mikia, mmoja mweusi na mweupe, mwingine mweusi wa madoadoa, mwingine wa rangi ya chungwa. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kitaalamu kama spishi inayojitegemea. Wote walikuwa majike.

Ukisimuliwa hivyo leo unaona jibu kabla sentensi haijaisha. Wao hawakuliona. Mwaka 1868 Roland Trimen, mtumishi wa serikali huko Rasi ya Tumaini Jema aliyependa vipepeo kuliko mafaili, aliwasilisha hoja yake mbele ya Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe huko London: majike wale wasiofanana ni wake za dume mmoja yule yule. Wapo waliomwona anaota. Ubishi ulikuja kuzimwa na ufugaji. Mayai ya mama mmoja yalitoa mabinti wasiofanana wao kwa wao wala na mama yao, huku wana wa kiume wakitoka sare moja na baba.

Naikumbuka hadithi hii kila mvua za masika zinapoanza, kwa sababu ndio msimu wa kupokea picha. Mwaka huu ya kwanza ilitoka kwa jirani yangu, mama mmoja mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amempiga picha kipepeo wa rangi ya chungwa ambaye, alivyoona yeye, "amefutika ncha." Wenzake aliowazoea wana ncha nyeusi yenye ukanda mweupe kwenye bawa la mbele, huyu alikuwa wa chungwa mpaka ukingoni. Swali lake lilikuwa la mtu mzima mwenye wasiwasi wa kweli: je, ni ile dawa niliyopulizia sukuma wiki?

Nilikuwa na jibu la kipepeo yule, na nitalitoa baadaye. Kinachonisumbua ni kwamba picha zote ninazotumiwa ni za namna hiyo. Hakuna aliyewahi kunitumia kipepeo wa kawaida. Kwa hiyo hata zikikusanywa picha elfu moja za vipepeo wa ajabu, hazitatuambia ajabu hiyo ni ya mmoja kati ya kumi au mmoja kati ya laki, imeongezeka tangu mwaka jana au imepungua. Msimamo wangu, na najua utawaudhi wapenzi wa picha nzuri, ni kwamba bawa moja lisilo la kawaida, likitazamwa peke yake, halina karibu habari yoyote.

Ili nieleweke inabidi tuliangalie bawa lenyewe. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa unga wa kipepeo ukikuingia machoni unapofuka. Ule unga ni magamba, madogo mno, yaliyopangwa safu juu ya safu kama makuti ya paa, na kila gamba lina rangi moja tu. Michoro yote tunayoisifia ni kazi ya makuti yenye rangi tofauti yaliyowekwa mahali pake. Na mahali hapo hapapangwi ovyo. Miaka ya 1920 Boris Schwanwitsch na Fritz Süffert, kila mmoja kwa njia yake, waliweka vipepeo wa jamii kubwa ya Nymphalidae ubavu kwa ubavu na kugundua kwamba michoro yao yote ni tofauti za ramani moja: mikanda ya katikati, safu ya macho ya duara, mistari ya ukingoni.

Mwenye kujua kanga haitaji maelezo zaidi. Kanga ina pindo na ina mji, na mchoraji ana uhuru mkubwa ndani ya mji na ndani ya pindo, lakini kanga isiyo na pindo si kanga. Bawa nalo lina pindo na mji wake. Ndiyo maana kipepeo "aliyeharibika" hana fujo ya kubahatisha. Madoa yake yameungana na kuwa michirizi, au jicho moja limekosekana, au pindo limemwagikia mjini, kama kanga iliyochapwa siku ambayo mashine ilisogea. Kosa lenyewe linaifuata ramani.

Kuhusu macho yale ya duara tunajua mengi kwa sababu ya jaribio moja la Fred Nijhout, lililochapishwa mwaka 1980, juu ya kipepeo wa Marekani aitwaye Junonia coenia. Katikati ya kila jicho la bawa kuna kikundi kidogo cha chembehai kinachowatangazia majirani zake rangi ya kuvaa. Nijhout alikiunguza kikundi hicho kwenye pupa mchanga, yaani mdudu aliye kati ya kiwavi na kipepeo, na jicho halikutokea. Alikihamishia mahali pengine kwenye bawa, na jicho jipya likachoreka huko, mahali ambapo kipepeo wa aina hiyo hajawahi kuwa na jicho. Baadaye wataalamu wa jeni waliingia na mkasi wao. Mwaka 2017 jeni iitwayo WntA ilizimwa kwa vipepeo wa spishi saba, na mikanda ikahama, ikafifia au ikatoweka.

Lakini nje ya maabara hakuna anayewaunguza pupa kwa sindano. Huko kazi kubwa hufanywa na hali ya hewa. Mchoro wa bawa hukatwa shauri siku chache tu, mwishoni mwa maisha ya kiwavi na mwanzoni mwa upupa. (Lugha yetu imefanya utani hapa bila kukusudia: mdudu anayetakiwa kutulia kuliko wote amepewa jina la haraka.) Ukimtia pupa wa saa chache kwenye baridi kali kwa siku kadhaa, mawimbi ya kemikali yanayochora bawa yanavurugika, na anayetoka ana madoa yaliyovutwa kama wino uliodondokewa na maji. Wajerumani na Waingereza walicheza mchezo huu tangu karne ya 19. Jambo moja katika mchezo huo lingetosha kuimaliza makala hii: joto kali nalo linaweza kuleta mabadiliko yale yale ya baridi, na baadhi ya kemikali vilevile. Visababishi vitatu, sura moja. Sasa niambie, ukionyeshwa picha ya bawa lenye michirizi, utajuaje kama ni usiku wa baridi, bati la moto au dawa ya sukuma wiki?

Waingereza waliwahi kuifuata ajabu mpaka mwisho wa barabara yake. Wana kipepeo mdogo wa bluu anayeishi kwenye vilima vya chokaa, na kati ya vita vile viwili vya dunia kundi la mabwana wenye muda na pesa lilimwinda kwa bidii isiyo na kifani, likitafuta tu wale wenye kasoro: wa mstari uliozidi, wa nukta iliyopungua, wa upande mmoja dume na mwingine jike. Mwaka 1938 P. M. Bright na H. A. Leeds walichapisha kitabu kizima juu ya kasoro za spishi hiyo moja, chenye mamia ya majina, kila tofauti na lake. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa. Nani anayatumia majina hayo leo? Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina hazitambui jina la tofauti ya mnyama mmoja mmoja ndani ya spishi. Na kwa kuwa wa kawaida waliachiwa waruke zao, hatuwezi hata kujua wale wa ajabu walikuwa sehemu gani ya wote.

Weka hiyo pembeni, kisha uangalie kilichofanyika Entebbe na Nairobi.

Tumrudie Papilio dardanus na wake zake. Kwa nini jike avae mavazi tofauti? Kiwavi wake hula mimea ya jamii ya michungwa, na kipepeo anayetoka ni chakula kizuri cha ndege. Majike wamekwepa hatari kwa kuvaa nguo za vipepeo wachungu, wale ambao viwavi wao hula mimea yenye sumu: jike mweusi na mweupe amemwiga Amauris niavius, mwenye madoadoa ameiga Amauris wengine, wa chungwa amemwiga Danaus chrysippus. Kwa lugha ya Kariakoo, hawa ni feki. Na kila mfanyabiashara anajua feki inapita sokoni kwa sharti moja, kwamba orijino ziwe nyingi na mteja awe anazijua.

E. B. Ford, mtaalamu wa jeni wa Uingereza, mwaka 1936 aliichukua hoja hiyo na kuipeleka kwenye hesabu. Katika sampuli za Entebbe, vipepeo wachungu wanaoigwa walikuwa zaidi ya 1,900 na majike waigaji 111. Kati ya hao, wenye mchoro uliokosewa walikuwa kama 4 katika kila 100. Karibu na Nairobi mambo yaligeuka. Wachungu walikuwa kama thelathini tu, majike waigaji zaidi ya 130, na waliokosea mchoro walikaribia theluthi. Pale ambapo orijino ni nyingi, feki mbaya hukamatwa na ndege haraka. Pale ambapo orijino ni adimu, ndege hana cha kulinganisha, na kila aina ya uchapaji mbovu inaishi.

Hebu fikiria mtu aliyepanda ukingo wa Bonde la Ufa na kamera, akaleta picha moja ya jike wa dardanus mwenye mabaka yasiyoeleweka. Angesema ameona kasoro. Ford alikuwa na kasoro hizo hizo mkononi, lakini alikuwa pia na idadi ya wasio na kasoro, na idadi ya kipepeo mwingine kabisa ambaye hakuna mtu angemjali. Habari ilikuwa kwenye uwiano.

Sisemi Ford alimaliza kazi. Nyanda za juu za Kenya ni mahali ambapo jamii ya dardanus wa magharibi inapakana na ile ya pwani, na Cyril Clarke na Philip Sheppard walionyesha miaka ya 1960, kwa kupandisha vipepeo wa sehemu tofauti za Afrika huko Liverpool, kwamba jamii zikichanganyika mavazi yanapoteza ukali wake. Watoto wanatoka wa katikati, si huku wala kule. Kwa hiyo kasoro za Nairobi huenda zina mkono wa mchanganyiko pamoja na mkono wa ndege. Huu ni ubishi mzuri, na uliwezekana kwa sababu kulikuwa na namba za kubishania.

Siwezi kumtaja Clarke bila kuchepuka kidogo. Alikuwa daktari wa binadamu. Vipepeo walikuwa mapenzi yake ya jioni. Kujua jinsi mavazi ya vipepeo hawa yanavyorithiwa kwa kifurushi, jeni zilizoshikana, kulimfanya aangalie upya kurithiwa kwa makundi ya damu ya Rhesus, na kundi lake la Liverpool likawa miongoni mwa waliotengeneza kinga ya watoto wanaoshambuliwa na damu ya mama zao tumboni. Mama mwenye damu ya Rhesus hasi anayechomwa sindano ya anti-D hospitalini leo, Muhimbili au Kisumu, ana deni dogo kwa kipepeo wa msitu wa Afrika. Mtu akikuuliza vipepeo vina faida gani, mjibu hivyo kisha umalizie chai yako.

Kuna ajabu nyingine ambayo kalenda ndiyo inayoijibu. Kipepeo Precis octavia ana sura mbili, moja nyekundu ya machungwa yenye madoa meusi, nyingine ya bluu iliyokolea, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuziweka chungu kimoja. Waliokusanya zamani hawakuziweka. Walizipa majina mawili ya spishi. Mwishoni mwa karne ya 19 Guy Marshall, aliyekuwa akiishi katika nchi inayoitwa sasa Zimbabwe, alifuga mayai ya mama mwekundu akapata mtoto wa bluu. Mwekundu ni wa mvua, wa bluu ni wa kiangazi. Wanaotokea kati ya misimu huwa na sura za katikati, na hao ndio hupigwa picha na kuitwa wa ajabu.

Mwenzake aliyechunguzwa zaidi ni kipepeo mdogo wa kahawia, Bicyclus anynana, ambaye unaweza kumkanyaga bila kumwona. Mwaka 1988 majike wachache wasiofika mia walichukuliwa Nkhata Bay, Malawi, na vizazi vyao vimekuwa vikifugwa maabara za Ulaya tangu hapo. Viwavi wakikulia kwenye joto la nyuzi 27 hivi, kipepeo anatoka na macho makubwa yaliyozungushiwa duara. Wakikulia kwenye nyuzi 20, macho yanakuwa vinukta. Msimu wa mvua, kukiwa na vunjajungu wengi, jicho kubwa la ukingoni humvuta adui arukie ncha ya bawa badala ya kiwiliwili. Kiangazi, majani yakiwa makavu, la maana ni kutoonekana kabisa, na jicho kubwa ni kujitangaza.

Angalia kiwavi anachosoma: joto. Mvua yenyewe haioni. Kwa karne nyingi joto limekuwa mjumbe mwaminifu wa mvua, lakini kama mjumbe na ujumbe wakiachana, kiangazi kikaja na joto la masika, tutegemee kuona vipepeo waliovaa nguo za msimu uliopita. Hapo ndipo kipepeo "wa ajabu" angekuwa na jambo la kutuambia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na hapo ndipo picha moja moja hazitatusaidia kitu. Utahitaji kujua mwezi wa Agosti katika kijiji kile kile, miaka kumi iliyopita, wenye macho makubwa walikuwa wangapi kati ya waliohesabiwa.

Sasa kipepeo wa jirani yangu. Ni Danaus chrysippus, yule mchungu wa rangi ya chungwa anayeigwa na wengine, na kuikosa ncha nyeusi si ugonjwa. Ni vazi linaloitwa dorippus, la kurithi, la kawaida kabisa katika sehemu kubwa za Afrika Mashariki, hasa kwenye ukame wa kaskazini. Yupo wa ncha nyeusi, yupo wa ncha iliyofutika, yupo mwenye mabawa ya nyuma meupe ambaye kwao hasa ni magharibi ya Afrika, na hapa kwetu wote wanakutana na kuoana. Kuna mpaka kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye majike wake wamewaiga wote watatu, kila vazi na feki yake, ilhali dume ni mweusi mwenye mabaka meupe makubwa. Nilimwambia mama yule dawa yake haina hatia kwenye kesi hii. Kwenye kesi nyingine sijui.

Lakini ajabu ya kweli ya kipepeo huyu haionekani kwenye picha hata ukiikuza mpaka magamba. Denis Owen, aliyefundisha Makerere miaka ya 1960, alikuwa na tabia ambayo watu walidhani ni ya kupoteza muda: aliwahesabu vipepeo wa Kampala, dume wangapi, jike wangapi. Akakuta makundi ambayo karibu wote ni majike. David Smith naye, akiwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimfuatilia Danaus mwezi baada ya mwezi na kuona uwiano wa mavazi ukipanda na kushuka na misimu. Namba zao zilikaa pale zikisubiri maelezo. Mwaka 2000 ikathibitishwa kwamba majike wengi wa Danaus wanabeba bakteria aina ya Spiroplasma anayerithiwa kutoka kwa mama, na bakteria huyo huua watoto wa kiume ndani ya yai. Dada zao wakianguliwa huwala.

Halafu ikaja zamu ya jeni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya Danaus wa maeneo ya Kenya na jirani zake. Katika majike wenye bakteria, kromosomu inayobeba jeni za mchoro wa bawa imeungana na kromosomu ya kike. Maana yake mchoro unapanda gari moja na ujike na bakteria: mama humpa binti, binti humpa binti yake, na kila bakteria anapoenea, kipande kile cha mchoro kinaenea naye. Ndege hawana kauli hapo, wala hali ya hewa. Bakteria asiyejua rangi ni nini anaamua rangi zipi zisambae. Hakuna mtu duniani angelifikia hilo kwa kutazama bawa moja; waliolifikia walianzia kwenye swali la kwa nini madume ni wachache, swali ambalo ni la mtu mwenye daftari.

Kuna sehemu moja ambako ukosefu wa daftari umeleta ubishi wa kudumu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ryukyus walimchunguza kipepeo mdogo wa bluu, Zizeeria maha, na mwaka uliofuata wakatangaza wameona kasoro nyingi za mabawa, macho na miguu, na kuzihusisha na mionzi. Dunia nzima ilichapisha picha zile. Wapinzani wakauliza kilichotarajiwa: kabla ya ajali, hapo hapo, kasoro zilikuwa ngapi? Swali lilikuwa na uzito, kwa sababu kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeeleza miaka michache kabla jinsi kipepeo yule yule, kwenye ukingo wa kaskazini wa makazi yake, alivyobadilika madoa kwa sababu ya baridi. Watafiti walijitetea kwa majaribio ya kufuga na kulisha viwavi majani yenye mionzi, na si utetezi dhaifu. Ninachosema ni kwamba wangehitaji kujitetea kidogo sana kama kungekuwa na mtu Fukushima, mwalimu wa shule au mstaafu, aliyekuwa akiwahesabu vipepeo wa kawaida mwaka 2008 bila sababu yoyote.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao. Kuna nyakati kipepeo mmoja anatosha. Yule aliyegawanyika katikati, bawa la kushoto dume na la kulia jike, anakuambia peke yake kwamba jinsia ya mdudu huamuliwa ndani ya kila chembehai, si kwa homoni moja ya mwili mzima kama ilivyo kwetu. Akitokea kwa dardanus, ambaye mume na mke hawafanani hata kidogo, ni kama kuona watu wawili wameshonwa. Ningempata huyo ningeacha kila kitu, na ningepiga picha, na ningewatumia wote.

Lakini hao ni wa mara moja maishani. Kwa siku zilizobaki tuna simu mfukoni, tena simu inayoandika yenyewe tarehe na mahali, chombo ambacho Ford asingethubutu kukiota, na tunakitumia kama wale mabwana wa vilima vya chokaa. Na tuna watu wanaowaona vipepeo wengi kuliko mtafiti yeyote. Pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, na Ian Gordon aliyeuanzisha ni mmoja wa waliotumia miaka mingi juu ya Danaus na madume wake wanaokufa. Amani, kwenye Usambara Mashariki, wanakijiji nao walikuwa wakifuga na kuuza pupa nje. Mwaka 2016 Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai, waliguswa na wao, jambo lililowashangaza wengi ambao hawakujua kipepeo ni mnyama hai wa kisheria. Dardanus ni miongoni mwa wanaofugwa. Pupa huondoka kabla hajapasuka, kwa hiyo bawa hufunguka kwenye ukumbi wa kioo Ulaya au Marekani, mbele ya watoto wa shule wanaokula aiskrimu, na hakuna anayeandika lina vazi gani. Lakini wale wa mbegu hubaki kijijini kwenye vizimba vya neti, na mfugaji huwaona wote, kila wiki, mwaka mzima.

Mfugaji tayari ana daftari, kwa kuwa pupa ni pesa. Safu moja zaidi ingetosha: jike vazi gani. Hakuna haja ya Kilatini. Mweupe, wa madoadoa, wa chungwa, wa katikati. Miaka kumi ya safu hiyo, kwa kalamu ya bei ya duka la kona, ingekuwa kumbukumbu ambayo vyuo vikubwa vingeiomba kwa adabu. Na safari hii ingeandikwa na wenyewe, kwa Kiswahili, si kusomwa London na mtumishi wa serikali ya Rasi.

Jirani yangu nilimwelekeza hivyo hivyo: asimame dakika kumi kwenye maua yake kila siku akiweza, saa nne asubuhi, ahesabu wenye ncha na wasio na ncha. Alicheka, akaniuliza kama nimestaafu. Wiki tatu baadaye akanitumia picha. Haikuwa ya kipepeo. Ilikuwa ya ukurasa wa daftari la mwanawe, safu mbili za vijiti, vinne vinne na cha tano kikivikata, na chini kabisa alikuwa ameandika: "Jumanne, mvua, hakuna hata mmoja." Nikamjibu kwamba mstari huo wa Jumanne asije akaufuta.